Je, Wajua? Begi la vitabu kutoka Daraa

Je, wajua mtu anayekimbia vita hubeba nini? Hati za familia, dhahabu kidogo iliyofungwa kitambaani, sufuria, blanketi la mtoto. Mwaka 2013, mwalimu mmoja wa Daraa, kusini mwa Syria, aliwaambia watoto wake wachukue vya lazima tu. Binti yake Muzoon Almellehan, aliyezaliwa mwaka 1998, akafungasha vitabu vya shule. Hakubeba kingine. Vitabu, kama ujuavyo, ni mzigo mbaya wa safari: vizito, haviliki, na njiani huna wa kumuuzia. Familia ikavuka mpaka kuingia Jordan na begi hilo.

Miaka minne baadaye mwenye begi akawa Balozi Mwema wa UNICEF, wa kwanza kupewa cheo hicho akiwa na hadhi rasmi ya ukimbizi. Kati ya begi na cheo kuna mengi ya kujua, na si yote yanamhusu yeye.

Tuanze na jina. Muzoon halina undugu na huzuni, ingawa masikio ya Mswahili yanaweza kudanganyika. Linatokana na neno la Kiarabu la mawingu yaliyobeba mvua, lile lile lililomo katika Sura ya al-Waqia. Ndugu zetu wenye asili ya Omani watalitambua upesi zaidi, kwa kuwa Mazun ni jina la kale la nchi yao, na mama mzazi wa Sultani Qaboos aliitwa Mazoon. Na Syria yenyewe wazee wa pwani waliijua kwa jina la Shamu, jina ambalo bado unalisikia kwenye darsa na kulisoma katika tenzi za zamani.

Je, wajua kwamba vita vilivyomfukuza binti huyu vina asili yake kwenye ukuta wa shule? Mapema mwaka 2011, hapo hapo Daraa, vijana wadogo waliandika ukutani maneno ya kumwambia daktari kwamba zamu yake imefika. Daktari alikuwa Bashar al-Assad, rais wa wakati huo, aliyesomea utibabu wa macho. Watoto wakakamatwa, wakateswa. Wazazi wakaingia barabarani mwezi Machi, risasi zikajibu, na moto ukashika nchi nzima.

Kambi aliyofikia Muzoon inaitwa Zaatari, kilomita kama 12 tu kutoka mpaka wa Syria. Ilifunguliwa tarehe 28 Julai 2012 kwenye eneo kavu lenye vumbi, na kabla haijatimiza mwaka ilikuwa imepokea watu zaidi ya laki moja, ikahesabiwa kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Jordan. Mji haswa, maana Washami ni wafanyabiashara tangu enzi. Haukupita muda mrefu pakawa na mtaa wa maduka: mkate, simu, kuku wa kuchoma, magauni ya harusi ya kukodi. Wenyewe na wageni wakauita kwa utani Champs-Élysées, kama ule mtaa maarufu wa Paris, na utani ukanoga zaidi kwa sababu mwanzo wa jina hilo unagongana na Sham.

Magauni ya harusi sikuyataja kwa kupamba. Ndiyo yaliyompa Muzoon kazi.

Shule zilikuwapo. Watoto walisoma kwa zamu, wasichana asubuhi, wavulana mchana. Lakini madarasa ya wasichana yalikuwa yakipungua watu mmoja mmoja. Leo dawati hili tupu, wiki ijayo lile. Ukiuliza, unaambiwa ameposwa. Muzoon, ambaye hakuwa na cheo, mshahara wala kipaza sauti, akaanza kupita hema kwa hema akizungumza na wasichana wenzake na wazazi wao. Miezi 18 aliyokaa Zaatari ndiyo iliyomfanya ajulikane.

Sasa hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaoisimulia habari hii hupita juu juu. Husema wazazi walikuwa wajinga, binti akawaelimisha. Si kweli, na mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba za kwetu ataona si kweli akisikia neno moja tu ambalo wazazi wale walilitumia kueleza uamuzi wao. Neno lenyewe ni *sutra*. Ndiyo hiyo hiyo stara yetu. Walisema wanataka kuwastiri mabinti.

Fikiria baba aliyekuwa na duka, nyumba na ua wenye ukuta. Leo analala kwenye hema lisilo na komeo, choo ni cha jumuiya, kipo mbali, na usiku hakuna taa. Binti yake ana miaka 15 na kila anapokwenda kuteka maji macho yanamfuata. Kazi baba hana ruhusa ya kuifanya: hadi mwaka 2016, Jordan ilipoahidi kwenye mkutano wa London kuwafungulia Washami ajira, mkimbizi kupata kibali cha kazi ilikuwa kama kutafuta maziwa ya kuku. Anakuja mwanamume mwenye nyumba yenye mlango, anatoa mahari, anaahidi kumtunza. Baba haoni kwamba anamuuza mtoto. Anaona anamtoa mvuani.

Ukimwendea mzazi wa namna hiyo na hotuba ya haki za binadamu, atakukaribisha chai na hutapata jingine. Muzoon hakwenda na hotuba. Alilichukua lile lile la stara akaligeuza: ikiwa mnatafuta kitakachomlinda, elimu inalinda kuliko mume. Mume anaweza kufa vitani, anaweza kumwacha, anaweza kuwa yeye ndiye wa kukimbiwa. Binti aliyeachika akiwa na miaka 17, ana mtoto mgongoni na hana cheti chochote, amestiriwa na nini? Wengine walimsikiliza, wengine hawakumsikiliza. Lakini nadhani siri ya kufanikiwa kwake imelala hapo, zaidi ya kwenye picha alizopigwa baadaye na watu wakubwa. Alizungumza kama mtoto wa hema la jirani, kwa lugha ambayo baba mwenyewe alikuwa ameianza.

Na tatizo lilikuwa linakua mbele ya macho yake. Je, wajua kwamba UNICEF ilipopitia ndoa za Washami zilizoandikishwa Jordan, ilikuta mwaka 2011 bibi harusi aliye chini ya miaka 18 yumo katika asilimia 12 ya ndoa hizo? Mwaka 2012 ikawa asilimia 18, mwaka 2013 asilimia 25, na robo ya kwanza ya mwaka 2014 karibu asilimia 32. Kwa miaka mitatu, karibu mara tatu. Huwezi kusema huo ni utamaduni tu; utamaduni haubadiliki kwa kasi hiyo. Hiyo ni vita, umaskini na hofu vikifanya kazi pamoja.

Hizo ni zilizoandikishwa, kumbuka. Nyingine zilifungishwa na sheikh hemani, mashahidi wawili, dua, basi, bila kupita mahakamani. Madhara yake huja baadaye, na huja kwa njia ya karatasi. Bila cheti cha ndoa hakuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bila cheti cha kuzaliwa, mtoto ni mgeni katika kila ofisi. Kwenda kuandikisha ndoa iliyochelewa kulikuwa na faini, na mkimbizi faini ataitoa wapi? Ikafika wakati serikali ikafungua kipindi cha msamaha ili watu wajitokeze.

Sheria ya Jordan iliyokuwa ikitumika wakati huo, ya mwaka 2010, iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, lakini ikamruhusu kadhi kutoa kibali kuanzia miaka 15. Kabla hatujawanyooshea kidole, tuangalie kwetu: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikwenda kuipinga Mahakama Kuu, akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na kisingizio cha hema.

Je, wajua kwamba Jordan, pamoja na kupokea Washami zaidi ya laki sita walioandikishwa, haijawahi kutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951? Lebanon vilevile. Kuna nchi tajiri zilizotia saini kwa kalamu ya dhahabu na sasa zinahesabu mashua baharini, na kuna nchi zisizo na saini wala maji ya kutosha zilizofungua mpaka. Mambo ya saini yana vituko vyake.

Februari 2014, Malala Yousafzai wa Pakistan, aliyepigwa risasi na Taliban kwa kutetea masomo ya wasichana, aliitembelea Zaatari. Hapo akakutana na Muzoon. Magazeti, kama kawaida yao, yakapata jina rahisi: Malala wa Syria. Jina hilo lilimsaidia kusikika na pia lilimfunika, kwa sababu mapambano ya wawili hao hayakuwa sawa. Aliyezuia masomo ya Malala alikuwa adui mwenye bunduki. Waliotaka kumtoa shule rafiki wa Muzoon walikuwa baba na mama wanaompenda. Kumshinda adui kuna ugumu wake. Kumshinda mzazi anayekupenda, na kesho mkae naye kwenye mkeka mmoja, ni kazi ya aina nyingine.

Desemba mwaka huo huo Malala alipokwenda Oslo kupokea Nobeli ya Amani, aliyoipata pamoja na Kailash Satyarthi wa India, alialika wasichana watano wawe naye. Muzoon, umri miaka 16, alikuwa mmoja wao. Mwingine alitoka Nigeria, na watatu Pakistan. Kutoka kambini hadi ukumbi wa Oslo, kisha tiketi ya kurudi kambini. Sehemu hiyo ya kurudi huwa haipigwi picha.

Kambi ya kurudi haikuwa tena Zaatari; ilikuwa Azraq, iliyofunguliwa Aprili 2014 katika jangwa la mashariki ya Jordan. Jina lake maana yake ni buluu, ingawa rangi utakayoiona huko ni ya mchanga, na safu kwa safu za vibanda vya bati vyeupe. Hapakuwa na umeme mwanzoni. Giza likiingia, limeingia. Mei 2017 ukawashwa mtambo wa jua, ikasemwa kuwa ni kambi ya kwanza ya wakimbizi duniani kuendeshwa kwa umeme wa namna hiyo. Familia ya Muzoon ilikuwa imeshaondoka.

Turudi kwenye cheo. Tarehe 19 Juni 2017, siku moja kabla ya Siku ya Wakimbizi Duniani, UNICEF ilimtangaza kuwa Balozi Mwema, akiwa na miaka 19, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Utaratibu huo ulianza mwaka 1954 na mchekeshaji wa Marekani, Danny Kaye, na tangu hapo karibu kila mtu aliyepewa alikuwa maarufu kwanza, balozi baadaye: waigizaji, wanamuziki, wachezaji. Muzoon umaarufu wake wote aliupata kwa kupiga hodi kwenye mahema. Wa kulinganishwa naye ni Audrey Hepburn, mwigizaji aliyepewa ubalozi mwaka 1989. Alikulia Uholanzi iliyokaliwa na Wajerumani, akaonja njaa ya mwisho wa vita hadi mwili ukadhoofu, na msaada wa watoto ukamfikia naye. UNICEF yenyewe iliundwa Desemba 1946 kwa ajili ya watoto wa Ulaya.

Watu humchanganya Muzoon na Mshami mwingine aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1998: Yusra Mardini, muogeleaji wa Damascus. Huyo ndiye aliyeruka majini na dada yake mwaka 2015 mashua yao ilipozima injini kati ya Uturuki na Ugiriki, akaogelea Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi, na Aprili 2017 akateuliwa balozi wa UNHCR, shirika la wakimbizi. Miezi miwili kabla ya Muzoon. Timu hiyo ya Rio ilikuwa na watu kumi, watano wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliojifua Ngong chini ya Tegla Loroupe, na bendera ilibebwa na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia Kakuma.

Na hapo Kakuma nina dukuduku langu. Je, wajua kwamba makala nyingi za Kizungu hudai Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali"? Limeandikwa, likanakiliwa, likanakiliwa tena, bila mtu kumuuliza Mswahili hata mmoja. Kakuma ni mahali, tena pana wenyewe, Waturkana, na kambi ilikuja mwaka 1992 ikaukuta mji. Humo ndani kuna shule ya msingi ya bweni ya wasichana yenye jina la Angelina Jolie, na sababu ya kuwa ya bweni ni ile ile ya Zaatari: binti akilala shuleni ni vigumu kumtorosha kwenda kumuozesha. Naona ni stara ya tofali. Malala naye alikwenda Dadaab, kambi nyingine ya Kenya, tarehe 12 Julai 2016, siku aliyotimiza miaka 19, akakaa na wasichana wa Kisomali.

Safari ya Muzoon akiwa na UNICEF ilimpeleka Chad, mwaka ule ule wa 2017, akakutana na wasichana waliokimbia Boko Haram. Takwimu za UNICEF za wakati huo zilisema katika maeneo ya Chad yenye mapigano, watoto wa kike wa umri wa shule ya msingi wasiosoma walikuwa karibu mara tatu ya wa kiume. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye alikuwa mgeni anayeingia kambini na gari la shirika. Sijui kama kuna mtihani mgumu kuliko huo kwa mtu aliyewahi kuwakodolea macho wageni wa namna hiyo.

Tukiwa kwenye kambi, moja la kustaajabisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi walitoka Ulaya kuja huku. Wagiriki na wengine wa Balkani walipokelewa katika kambi Misri, Palestina, na Halab, huko huko Syria. Wapoland waliotoka utumwani Siberia, wakapitia Uajemi, wakashushwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Karibu 5,000 wakawekwa Tengeru nje ya Arusha, wengi wao wanawake na watoto, katika vibanda vya msonge vya kuezeka nyasi. Nao walifungua shule upesi, na wasichana wa Kipoland wakasoma chini ya Mlima Meru wakisubiri nchi yao irudi. Makaburi yao yapo hadi leo.

Muzoon alihamia Uingereza mwishoni mwa mwaka 2015, chini ya mpango wa kupokea Washami 20,000 kwa miaka mitano. Yeye na familia yake walipelekwa Newcastle, kaskazini, mji wenye lafudhi inayowatoa jasho hata Waingereza wa London, seuze mtoto aliyejifunzia Kiingereza kambini. Akaingia sekondari, kisha akasoma siasa za kimataifa katika chuo kikuu cha mji huo. Kwa mwenye jina la mawingu ya mvua, kutoka Azraq kwenda Newcastle ni kama kurudi kwa wajomba.

Desemba 2015, wiki chache baada ya familia kufika, Malala alisafiri kwenda kumwona. Hawakukutana hotelini wala ofisini. Walikutana katika maktaba kuu ya mji, jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 2009, ghorofa kwa ghorofa za vitabu. Kuazima ni bure. Ukimaliza kusoma unakirudisha, hubebi mzigo.